Jengo Lililo Mfukoni

Mvua ilitukuta Matulo, mimi na mjomba, tukajibanza kwenye hoteli ndogo ya chai. Mjomba ni fundi wa mawe, amejenga nusu ya nyumba za kijiji kile. Wakati wa kulipa nikatoa noti ya mia, nikamwonyesha picha iliyo juu yake.

"Mjomba, jengo hili unalijua?"

"KICC hiyo. Nani asiyeijua?"

"Na nani aliichora?"

Akaigeuza noti, akafikiri. "Si ni Mzee Kenyatta?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Hata mimi nilichelewa kulijua jibu, ilhali tangu mwaka 2019 jengo lile limo katika kila noti yetu, kuanzia hamsini hadi elfu moja. Tunalibeba sokoni, tunalitoa sadaka, ila aliyelichora hatumjui.

Turudi nyuma kidogo. Uingereza ya karne iliyopita ilikuwa na utaratibu mmoja ambao mimi naupenda: kaunti iliajiri msanifu majengo wake. Huyo hakuchora majumba ya matajiri. Kazi yake ilikuwa shule, maktaba, vituo vya polisi, yale majengo ambayo kila mtu huingia siku moja apende asipende. Huku Kenya wakoloni walileta kazi hiyo kupitia Idara ya Kazi za Umma, ile PWD ambayo wazee bado wanaitaja. Kwa majengo ya fahari walimwita Herbert Baker, Mwingereza aliyekuwa ameshachora majengo ya serikali kule Pretoria. Nairobi alichora makao ya gavana, ambayo leo ni Ikulu, na mahakama zile zenye nguzo nene za mawe. Ukisimama mbele ya nguzo hizo, unajiona mdogo hata kabla ya kusomewa mashtaka. Sidhani hilo lilitokea kwa bahati mbaya.

Basi uhuru ukaja, na mtu mmoja akawa tayari. David Mutiso alikuwa amesomea usanifu Sheffield, huko huko Uingereza. Alirudi, akawa Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha Msanifu Mkuu katika Wizara ya Ujenzi. Hebu fikiria uzito wa kiti kile: ofisi iliyokuwa ikichorea dola ya kikoloni majengo, sasa inatakiwa ichoree wananchi.

Ndani ya wizara hiyo alikuwamo pia Karl Henrik Nøstvik, msanifu kutoka Norway aliyefika Kenya mwaka 1965. Hao wawili ndio waliofanya kazi ya KICC. Mwanzoni yalikusudiwa kuwa makao ya chama cha KANU tu, jengo la kiasi. Kumbe Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walikuwa wanakuja kufanya mkutano wao mkuu Nairobi mwaka 1973, mara ya kwanza barani Afrika. Mpango ukapanuliwa hadi mnara wa orofa 28, wenye urefu wa mita 105, na kando yake ukumbi wenye paa lililochongoka. Kenyatta akaufungua mwaka huohuo.

Tazama lile paa la ukumbi. Mtoto yeyote wa huku kwetu analijua umbo hilo: ni msonge, nyumba ya babu zetu, isipokuwa hapa nyasi zimekuwa zege. Hapo hakuna nguzo za kukutisha.

Wako wanaompa Nøstvik sifa zote, wako wanaompa Mutiso. Mimi nasema tusiwagombanishe. Lakini tukiacha jina la Mutiso lipotee, watoto wetu wataamini kwamba sisi tulibeba mawe tu.

Nilimweleza mjomba hayo yote, naye akasikiliza kama fundi anavyosikiliza. Kisha akaniuliza, "Na ile zahanati uliyompeleka mamako, nani aliichora?"

Sikuwa na jibu. Zahanati hiyo sitaitaja. Kibaraza cha wagonjwa kinatazama upande ule ule mvua inakotokea kila alasiri, na siku ile mama alingoja zamu yake akiwa amelowa mpaka magotini. Mtu fulani alikaa mezani na rula, akachora mstari ule, wala hakuuliza mvua yetu hutoka wapi.

Tangu mwaka 2013 nasi tuna kaunti 47, na kaunti ndizo zinazojenga zahanati na shule za chekechea. Vibao vya ufunguzi huandikwa jina la kiongozi aliyekata utepe. Ningependa chini yake liandikwe jina la aliyechora, na la fundi pia. Likiwa zuri tumshukuru. Likivuja tujue pa kwenda kuuliza.

Mvua ilipokatika mjomba aliikunja ile noti, akamlipa mama wa chai.