Nyota Yenye Mkia Juu ya Lindi

Ndugu msomaji, historia tuliyosoma shuleni imejaa Wareno, Wajerumani na Waingereza. Anga haimo. Hebu leo tuinue macho kidogo.

Iko nyota yenye mkia iitwayo Halley. Hulizunguka jua na kurudi kila baada ya miaka 76 hivi. Ilipopita mwaka 1301, na tena 1378, Kilwa ilikuwa mji wa dhahabu na misikiti ya mawe. Ilipopita mwaka 1531, Wareno walikuwa wamekwisha kuupora mji ule, mwaka 1505. Mei 1910 ikaja tena: kwanza alfajiri upande wa mashariki, halafu jioni upande wa magharibi.

Huku kusini hali ilikuwaje mwaka ule? Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka 1907, na njaa iliyofuata ilikuwa imeua watu wengi kuliko risasi. Kule Tendaguru, mwendo wa siku nne hivi kwa miguu kutoka Lindi, mamia ya watu walikuwa wakichimbua mifupa ya dinosaria kwa ajili ya makumbusho ya Berlin. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mifupa mpaka bandarini Lindi, nayo ikaandikwa namba na kupakiwa melini. Lakini wapagazi wale, waliolala njiani chini ya anga hilo hilo, waliuonaje ule mkia? Waliogopa? Waliikumbuka vita? Hayo hayakupewa namba.

Ukipiga hesabu ndipo inapouma. Mtoto wa miaka 10 mwaka 1910 alikuwa na miaka 86 Halley iliporudi mwaka 1986. Bibi wa namna hiyo alikuwa akiketi barazani, anasubiri kuulizwa tu. Wangapi waliulizwa?

Sasa zamu ni yetu, jamani. Waliokuwa watoto mwaka 1986 ndio kina mjomba na shangazi zetu. Waulizeni: mliiona, au mliisikia redioni tu? Wazee walisemaje?

Wala msingoje Halley irudi mwaka 2061. Vumbi lake hutuangukia kila mwaka kama vimondo, mapema mwezi Mei na karibu na tarehe 21 Oktoba, kuanzia usiku wa manane. Oktoba moja sisi washikaji wanne tulitandika mkeka ufukweni, taa za mji tukazipa mgongo. Tulihesabu vimondo kumi na kimoja. Mzee mmoja mvuvi, akijiandaa kwenda baharini, akatuonyesha Kilimia, akasema jina hilo latokana na kulima. Mmoja wetu akaandika yote daftarini: tarehe, mahali, na maneno ya mzee.

Kijana mwenzangu unayetaka kuwa mwandishi, kazi ya kuanzia ndiyo hiyo. Mwaka 2061 atatokea mtoto wa Lindi atakayeuliza sisi tuliona nini. Akute daftari.