Gari Ndani ya Masanduku

Mwaka 1957, Mwingereza wa mshahara wa kawaida aliyetamani gari dogo la mbio alikuwa na njia mbili. Angenunua gari zima na kulipa kodi ya ununuzi, kodi iliyowekwa wakati wa vita mwaka 1940 na ambayo amani haikuiondoa. Au angenunua gari lilelile likiwa vipande, alifunge mwenyewe, na kodi ile isimguse. Kodi ilikuwa ya gari. Vipande navyo vilikuwa vipande tu.

Colin Chapman aliuona mwanya huo mapema. Gari lake la kwanza alilitengeneza 1948 kutokana na Austin 7 kuukuu. Kampuni yake, Lotus, aliianzisha 1952 katika mazizi ya zamani nyuma ya hoteli ya babake huko Hornsey, London, kwa pauni 25 alizokopeshwa na Hazel, mpenzi wake aliyekuja kuwa mkewe. Lotus Seven ilipotoka 1957, haikuwa na mengi: fremu ya mabomba ya chuma, bati la alumini, viti viwili, milango hakuna. Injini ilitoka kwa Ford ya kawaida ya familia, na hapo ndipo penye akili. Huwezi kujenga gari nyumbani kama spea zake haziko mtaani. Fikiria Probox kwetu.

Husimuliwa kwamba sheria ilikataza muuzaji kumpa mteja maelezo ya kuunganisha. Basi Lotus, ati, ikatoa maelezo ya kulifungua gari, nawe uyasome kuanzia mwisho. Labda imetiwa chumvi kidogo, lakini wenye magari hayo hawachoki kuisimulia.

Kazi yenyewe haikuwa mzaha. Wiki za kwanza ni raha: fremu inasimama gerejini, magurudumu yanaingia, unaketi ndani na kushika usukani wa gari lisilo na injini. Halafu zinakuja nyaya. Zinakuja tundu zisizolingana, na ile nati moja unayoweza kuifikia kwa vidole viwili tu. Wengine waliishia hapo, wakauza gari likiwa nusu kwa mtu mwingine mwenye matumaini.

Hesabu hii ya kodi hata sisi tunaijua. Tangu miaka ya 1970 magari yameletwa Kenya yakiwa vipande, yakaunganishwa Thika, Mombasa na Nairobi, kwa sababu ushuru wa forodha humlemea zaidi anayeleta gari zima. Tofauti ni kwamba fundi wa Thika akimaliza kukaza boliti, gari si lake.

Aprili 1973 Uingereza ikafuta kodi ya ununuzi na kuleta VAT, iliyotozwa gari na vipande vilevile. Mwanya ukazibwa. Mwaka huohuo Lotus ikaachana na Seven, na haki zake zikaenda kwa Caterham, wakala aliyekuwa akiiuza. Kwa hesabu ya mhasibu, biashara ya masanduku ilipaswa kufa pale. Haikufa. Watu waliendelea kununua vipande bila nafuu ile, nami sioni sababu nyingine ila kwamba walitaka kusema, hili nililifunga mimi. Mwaka 1996 Ron Champion akatoa kitabu cha kumfundisha mtu kuunda gari la aina hiyo kwa pauni 250 tu, fremu ukichomelea mwenyewe, na wengi wakashika mashine za welding.

Serikali nayo ikarudi, safari hii kwa mlango wa usalama. Kuanzia 1998 gari la kujengea nyumbani lilipaswa kukaguliwa kabla ya kusajiliwa. Mkaguzi hakujali miaka uliyotumia. Alitazama breki, taa na vioo, kisha akapima ncha za nje: ukingo wowote ambao mtu angeweza kujigonga nao ulitakiwa uwe na mviringo wa angalau milimita 2.5. Kichwa cha boliti kikichomoza, umeanguka. Ndiyo maana magari mengi ya aina hii yalifika kwenye ukaguzi yakiwa yamevishwa vikofia vya plastiki kwenye kila nati, na mwenyewe pembeni, mikono mifukoni, akingoja.