Mkulima wa Bologna na Nguzo ya Volta

Kabla ya nyaya kulikuwa na samaki. Karibu mwaka 47, tabibu wa Kirumi Scribonius Largus aliandika kwamba mwenye maumivu sugu ya kichwa awekewe samaki mweusi wa jamii ya taa, yule mwenye umeme, tena akiwa hai, palepale panapouma, mpaka pafe ganzi. (Kwetu pwani samaki huyu na kile kinachoning'inia darini vina jina moja. Ni sadfa tu, lakini mimi huipenda.)

Ila safari hii nataka tukae zaidi Bologna, mwaka 1801. Hapo ndipo naiona historia yenyewe ikianza, maana hapo kuna mgonjwa mwenye jina.

Anaitwa Luigi Lanzarini. Ni mkulima wa miaka 27, amelazwa hospitali ya Sant'Orsola kwa ugonjwa ulioitwa melankolia, ambao leo pengine tungeuita sonona. Anayemtibu ni Giovanni Aldini, mpwa wa Luigi Galvani, yule aliyefanya miguu ya vyura waliokufa irushe mateke. Galvani alikuwa amefariki mwaka 1798, katikati ya ubishi mkali na Alessandro Volta kuhusu umeme ule unatoka wapi, kwenye mnyama au kwenye metali. Sasa tazama kichekesho cha historia: chombo alichobeba mpwa wake kwenda wodini ni nguzo ya Volta, betri ya kwanza duniani, iliyotangazwa mwaka 1800. Ni visahani vya metali mbili tofauti vilivyopangwa kwa zamu, katikati yake kitu kilicholowekwa maji ya chumvi.

Aldini alianza na kichwa chake mwenyewe. Alihisi kishindo ndani ya fuvu, kisha akakosa usingizi siku kadhaa. Ndipo akaja kwa Lanzarini, aliyenyolewa na kulowanishwa kichwa. Tiba ilirudiwa mara kadhaa, nguvu ikiongezwa kidogo kidogo. Aldini anaeleza kwamba uso wa mgonjwa ulichangamka, hali ikaendelea kuwa njema, mwishowe akaruhusiwa kutoka.

Mimi namwamini kuhusu uso uliochangamka. Lakini kijana yule, pamoja na umeme, alipata pia kitu ambacho wagonjwa wa akili wa zama zile hawakukipata kirahisi: msomi aliyekuja kumtazama kwa makini, kumgusa, kumngoja apone. Nani alimponya, betri au Aldini? Swali hilo lina zaidi ya miaka 200 na bado linatusumbua.

Dunia haikumkumbuka Aldini kwa mkulima. Ilimkumbuka kwa maiti. Januari 1803, jijini London, alipewa mwili wa George Forster, aliyenyongwa kwa kosa la kumuua mkewe na mtoto. Umeme ulipopitishwa, taya likatetemeka na jicho moja likafumbuka. Mary Shelley alikuwa na miaka mitano tu wakati huo. Alipoandika utangulizi wa toleo la 1831 la Frankenstein aliutaja ugalvani kwa jina, ingawa ndani ya riwaya umeme wa kumfufua yule kiumbe unagusiwa kwa kupitia tu. Radi na mitambo ile tunayoikumbuka ni kazi ya filamu.

Mwaka 1938, Ugo Cerletti na Lucio Bini wakaanza kule Roma tiba ya mshtuko, na watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Mshtuko hutumia mamia ya miliampia, kwa makusudi ya kuleta degedege. Njia ya Aldini, kwa kipimo cha leo, ni miliampia 1 au 2, mgonjwa yu macho, sponji zenye maji ya chumvi (bado ni chumvi!) zimefungwa kichwani. Mkondo mdogo hivyo haulazimishi seli ya ubongo ifyatuke. Unaisogeza tu karibu na kufyatuka, au mbali.

Waingereza walijaribu kitu cha aina hii kwa wenye sonona mwaka 1964, wakaona dalili nzuri. Baadaye wengine wakarudia, hola. Njia ikalala hadi mwaka 2000, Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen walipoonyesha kwamba mkondo dhaifu hubadilisha kweli wepesi wa ubongo kuitikia. Basi, mtandaoni watu wakaanza kujiundia vifaa kwa betri za volti 9, eti waongeze akili. Kuhusu akili sina maneno mengi: mapitio ya tafiti yaliyotoka 2015 hayakukuta faida ya kutegemewa kwa mtu mzima mwenye afya kutokana na kikao kimoja. Na mwaka 2016 György Buzsáki wa New York akarudi pale pale kwa Aldini, kwenye maiti. Alipima, akakuta sehemu kubwa ya mkondo inaishia kwenye ngozi na fuvu.

Kwa sonona habari ni ngumu zaidi, na ndiko kwenye watu wanaoumia. Utafiti wa Brazili wa 2017, wagonjwa 245, ulishindanisha umeme na dawa ya escitalopram. Kwenye kipimo cha sonona, waliopata vyote viwili vya kuigiza walishuka alama 5.8, wa umeme 9.0, wa dawa 11.3. Utafiti wa Ujerumani wa 2023 haukuona tofauti kati ya umeme wa kweli na wa kuigiza. Mwaka uliofuata, watu 174 wakavaa kifaa nyumbani kwa wiki 10: asilimia 44.9 ya waliopata umeme walitoka kwenye sonona, dhidi ya 21.8 ya walioigiziwa.

Rafiki yangu mmoja anayetumia dawa za sonona aliniuliza kama anunue kifaa hicho. Nilimwambia asiache vidonge, na asijifunge waya wowote kabla ya kuongea na daktari wake. Akaitikia, kisha akauliza: "Na hao 21.8 walipona na nini?"