Bunduki ya Upepo na Somo Lake la Kwanza

Bunduki ya upepo haina baruti wala moshi, na kishindo chake ni kidogo. Kwa hiyo wengi huidhania kuwa mchezo. Mwishoni mwa Agosti 1803, Meriwether Lewis, aliyekuwa akianza safari yake ya kuvuka Marekani, alishuka katika kisiwa karibu na Pittsburgh. Waungwana waliokuwapo walimwomba aijaribu bunduki yake ya namna hiyo. Akapiga mara saba, kwa masafa ya yadi 55, na shabaha yake ilikuwa njema. Kisha bunduki ikaingia mikononi mwa mtu asiyejua matumizi yake, ikafyatuka ghafula. Risasi ilipenya kofia ya mwanamke aliyekuwa umbali wa yadi 40, ikamchana panja. Alianguka, damu ikimbubujika, wote wakadhani amekufa. Lakini baada ya dakika moja alizinduka, na jeraha halikuwa la hatari.

Bunduki ilikuwa ile ile. Kilichopungua ni maarifa ya aliyeishika. Basi anunuaye leo bunduki mpya ya upepo ili awinde panya uani kwake, na ajifunze kwanza jinsi inavyojazwa na inavyofyatuliwa, tena atazame kilicho nyuma ya shabaha. Silaha hudai elimu kabla ya kutoa windo.