Mwelekeo wa Maandishi na Mpango wa Wakati katika Fikra

Katika Kiswahili wakati una mbele na nyuma, wala hauna kuume na kushoto. Twasema "siku za nyuma" na "miaka ya mbele". Hakuna asemaye "mwezi wa kuume" akikusudia mwezi uliopita. Walakini mtu aliyesoma, akipewa picha za ndizi nzima, ndizi iliyomenywa na ganda tupu, akaambiwa azipange kwa taratibu ya kutokea kwake, huzilaza ubavu kwa ubavu na kuanza upande mmoja pasipo kusita. Upande huo hakuupata katika maneno ya lugha yake; aliupata alipofundishwa kusoma.

Ushahidi wa jambo hili ni wa namna tatu. Mwaka 1991 Barbara Tversky, Sol Kugelmass na Atalia Winter walieleza uchunguzi wao juu ya wasemaji wa Kiingereza, Kiebrania na Kiarabu. Walipotakiwa kuonyesha mahali pa chakula cha asubuhi, cha mchana na cha jioni, wa Kiingereza walielekea kuanza kushoto, wa Kiarabu kuume, na wa Kiebrania wakawa kati yao. Mwaka 2014 Daniel Casasanto na Roberto Bottini waliwasomesha Waholanzi sentensi zilizogeuzwa kama zionekanavyo katika kioo. Baada ya mazoezi mafupi tu, mazoea yao yakageuka. Lakini Lera Boroditsky na Alice Gaby walikuwa wameonyesha, mwaka 2010, kwamba wenyeji wa Pormpuraaw katika Australia hupanga wakati toka mashariki hata magharibi, kama liendavyo jua, wakikaa wameelekea upande wo wote. Kwa hiyo maandishi si asili pekee ya mpango huu, bali ni asili yenye nguvu.

Sasa tuitazame pwani yetu. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, toka kuume kwenda kushoto, na ndivyo ulivyoandikwa utendi wa Mwana Kupona mwaka 1858. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaiandika lugha hii kwa herufi za Kirumi. Steere alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870. Na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ikaimarisha tahajia moja ya herufi hizo kwa shule za nchi nne. Lugha moja, katika muda usiofika karne moja, iligeuziwa njia ya jicho.

Yafaa tukumbuke kwamba njia ya zamani nayo haikuwa moja tu. Mwandishi aliyeandika mwaka wa 1275 wa Hijra aliiweka tarakimu ya elfu upande wa kushoto, kama tufanyavyo leo. Hivyo kila penye tarehe jicho lilibadili mwendo. Tena, katika miswada mingi ubeti wa utenzi ulilazwa katika mstari mmoja, vipande vinne vikifuatana toka kuume. Wachapaji wa herufi za Kirumi wakavisimamisha vipande hivyo, kimoja chini ya kingine. Msomaji wa leo huona kisa cha utenzi kikishuka, ambapo msomaji wa kale alikiona kikipita mbele yake kuelekea kushoto.

Wako wasemao kwamba kubadili herufi ni kubadili vazi tu, mwili ukabaki ule ule. Maneno yao yana kweli, maana sauti, maana na taratibu ya matukio havikuguswa. Lakini mahali pa mwanzo na pa mwisho, katika fikra ya msomaji, palibadilishana; na mhariri wa miswada asiyelijua hilo aweza kuhesabu kurasa kinyume, au kuudhania mwisho wa habari kuwa mwanzo wake.

Uchunguzi ufaao kwetu ni wa watoto wa pwani wasomao katika vyuo viwili: Kurani toka kuume, na masomo ya shule toka kushoto. Na wapewe picha zile zile mara mbili, chuoni na shuleni, kwa maelezo ya Kiswahili mara zote mbili. Lugha ikiwa moja na mpango ukawa mbalimbali, tutakuwa tumetenga kazi ya maandishi na kazi ya lugha. Wazee wasomao herufi za Kiarabu peke yake wanazidi kupungua; kazi hii yapasa ianze kwao.