Redio na spika za gari: badilisha mwenyewe nyumbani, lakini usikate waya

Gari nyingi zinazoteremshwa bandari ya Mombasa hutoka Japani zikiwa zimetumika, na kanuni za Kenya haziruhusu zilizozidi miaka 8. Injini huwa nzima, viti safi, lakini redio ni mgeni asiyeujua mji: maandishi ni ya Kijapani na stesheni zetu nyingi haizishiki. Hapa Ngoingwa, Thika, ninakoishi kwa sababu ya kazi, majirani huniuliza kila mara. Ndugu zangu wa Mombasa na Malindi nao hunipigia simu kwa swali hilo hilo: nibadilishe redio na spika mwenyewe, au nimpe fundi?

Kwa mtu mwenye subira na Jumamosi moja, kazi hii inafanyika nyumbani. Sharti langu ni moja: usikate waya wa gari. Waya uliokatwa ukasokotwa na kufungwa tepu hulegea kwa mtikisiko wa barabara, hugusana na mwenzake, na hapo ndipo moto huanzia. Gari hilo ndilo linalopeleka watoto madrasa.

Kwa nini redio haishiki

Redio za Japani zilitengenezwa kushika FM kuanzia 76 hadi 90, na za karibuni hufika 95. Zetu za Kenya huanza 87.5 hadi 108. Iqra FM ya Nairobi iko 95.0, Baraka FM ya Mombasa 95.5, na Pwani FM ya Mombasa 103.1. Zote zimepita 90.

Madukani kuna kifaa kidogo kiitwacho ekspanda, kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kuteremsha namba. Kinachoteremsha 14 kitakuonyesha Iqra kwenye 81.0 na Pwani FM kwenye 89.1. Kinachoteremsha 20 kitaileta Pwani FM kwenye 83.1, lakini Iqra itaangukia 75, nje ya redio, hutaipata. Kwa hiyo uliza namba ya kifaa kabla ya kulipa. Kama unataka pia Bluetooth na maandishi unayoyasoma, nunua redio nyingine kabisa.

Kubadilisha redio

Pima kwanza nafasi ya dashibodi. Redio pana ya kawaida ni milimita 180 kwa 100, ila Toyota nyingi zina nafasi ya 200 kwa 100. Ukiweka ya 180 humo, utahitaji fremu ya kuziba pembeni.

Nunua na soketi za kuunganishia za gari lako. Toyota nyingi zina plagi mbili nyuma ya redio, ya pini 10 na ya pini 6. Soketi hizo huingia kwenye plagi za gari upande mmoja, na upande wa pili huungana na nyaya za redio mpya. Siku ukiuza gari, redio ya zamani inarudi mahali pake kama haikuguswa.

Zima gari, kisha toa waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10. Rangi za redio za madukani kwa kawaida ni hizi: manjano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme wa ufunguo, nyeusi ni hasi. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Yenye mstari mweusi ni hasi ya spika hiyo. Ukiunganisha nyekundu kwenye umeme wa kudumu, redio inaweza kunywa betri usiku kucha. Plagi za manjano za mifuko ya hewa usiziguse kabisa.

Kama unabadilisha spika tu na redio ya Toyota ya Japani inabaki, usitoe betri. Nyingi hujifunga na kudai namba ya ERC zikikosa umeme. Zima gari na utoe ufunguo, inatosha.

Spika za mlangoni

Hapa ndipo faida kubwa ilipo. Kabla ya kununua, teremsha kioo mpaka chini na upime kina, spika isije ikagusa kioo. Milango mingi ya mbele huchukua inchi 6.5. Spika za kiwandani mara nyingi zimefungwa kwa riveti: zitoboe taratibu kwa drili, kisha funga spika mpya kwa skrubu juu ya pete ya plastiki inayolingana na mlango.

Angalia chanya na hasi. Gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye spika: karatasi yake ikisukumwa nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ukipishanisha mlango mmoja, besi itapotea hata kama spika ni za bei.

Plastiki iliyobandikwa nyuma ya ubao wa mlango irudishe na uizibe vizuri. Ndiyo inayozuia mvua ya masika isiingie ndani ya gari. Kwa wenzetu wa Pwani, viungo vya waya vifunikwe, maana chumvi ya bahari huvila upesi.

Amplifaya

Redio iliyoandikwa wati 50 mara nne haitoi zaidi ya wati 20 hivi kwa kila spika kwa mfululizo. Hizo zinatosha nyumba nzima. Ukitaka amplifaya, waya wake utoke kwenye betri, na fyuzi iwekwe karibu na betri, isizidi nusu mita. Amplifaya bila fyuzi mwambie fundi airudishe dukani.

Pesa zikiwa chache, anza na spika mbili za mbele na mlango uliozibwa vizuri. Redio inaweza kungoja mshahara mwingine. Na sauti ibaki ndani ya gari. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinakataza kelele za kuwakera watu, na jirani ana haki yake hata bila kanuni hizo.