Kigego

Mama ampakatapo mwanawe humtia kidole kinywani, apapase ufizi: jino la kwanza laota chini, au juu? Zamani jambo hilo lilikuwa la kufa na kupona. Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857, aliandika ya kuwa mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliuawa, au alitolewa, au aliuzwa kwa wafanya biashara ya watumwa, maana alidhaniwa kuleta maradhi na mauti nyumbani. Waarabu walimsomea Kurani wakamwapisha asidhuru watu. Asiyejua kunena aliapa kwa kuinamisha kichwa. (Kiapo cha ajabu, lakini kiliokoa roho.) Mtoto huyo ndiye kigego. Nasi tumemsikia bibi akiuliza kwa sauti ndogo, “Ni la chini?” Alipojibiwa ndiyo, akashusha pumzi.